Gramu 0.7 kutoka Fukushima: roboti iliingia, lakini bomba lilisukumwa na nani?

Tarehe 7 Novemba 2024, katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani, mafundi walifanikiwa kutoa kipande cha kwanza cha fueli iliyoyeyuka ndani ya kinu namba 2. Kilikuwa na uzito usiofika gramu 0.7. Chukua punje mbili za mahindi uziweke kiganjani, umekaribia uzito huo. Mwezi Aprili 2025 wakatoa kipande kingine, takriban gramu 0.2.

Sasa linganisha na mzigo uliobaki. Ndani ya vinu vitatu vilivyoharibika kunakadiriwa kuwa na tani 880 za mabaki hayo. Kama ungeyapakia kwenye malori ya tani 30, ungehitaji malori karibu 30. Hadi leo hata kijiko kimoja cha chai hakijajaa.

Tulipoigusia habari hii hewani, maswali ya wasikilizaji wetu yalikuwa mawili. La kwanza: Wajapani ndio mabingwa wa roboti duniani, imekuwaje wamechukua miaka 13 kutoa punje? La pili lilitoka kwa msikilizaji mmoja wa kike, na ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kama roboti inaingia ndani, basi hao watu waliovaa mavazi meupe kwenye picha wanafanya nini pale?"

Tukianza na hilo la pili, la kwanza nalo litajijibu njiani.

Kilichotokea mwaka 2011

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati huo: tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga chini ya bahari mashariki mwa Japani. Vinu vitatu vilivyokuwa vinafanya kazi Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe kama vilivyopangwa. Tatizo la kinu cha nyuklia ni kwamba hata kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, kama jiko la mkaa ambalo umelifunika lakini makaa bado yamewiva. Lazima maji yaendelee kuzunguka ili kuipoza, na maji hayo yanasukumwa na pampu zinazotumia umeme.

Chini ya saa moja baadaye tsunami ilivuka ukuta wa bahari na kufurika kituoni. Jenereta za dharura zikazama na pampu zikasimama. Fueli ikayeyuka, ikatoboa vyungu vya chuma ilimokuwamo, ikadondoka chini ikichanganyika na vyuma na zege. Mchanganyiko huo ulioganda ndio tunaouita mabaki ya fueli. Mtu akisimama karibu nao bila kinga, mionzi yake inaweza kumuua kwa muda mfupi.

Kwa hiyo kulihitajika kitu kisicho na damu cha kutangulia mbele.

Roboti zilizobaki humo ndani

Roboti za kwanza kuingia kwenye majengo ya vinu, mwezi Aprili 2011, hazikuwa za Kijapani. Zilikuwa PackBot za Marekani, aina ambayo jeshi la nchi hiyo lilikuwa likiitumia kukagua mabomu. Japani ilikuwa na roboti nyingi za viwandani, lakini roboti ya kiwandani imefungwa mahali pamoja na inarudia kazi ileile kwenye sakafu safi. Kupanda ngazi zilizojaa vifusi na maji gizani ni kazi nyingine kabisa.

Miezi miwili baadaye ikaingia Quince, iliyotengenezwa na vyuo vya Japani kwa ajili ya uokoaji. Hapa sisi watu wa redio tunaielewa vizuri shida iliyowakuta. Unajua unavyoingia na simu yako ndani ya jengo lenye kuta nene za zege, mtandao unakatika? Kuta za jengo la kinu zimejengwa makusudi zisipitishe mionzi, na hazipitishi mawimbi ya mawasiliano pia. Ikabidi Quince ifungwe waya mrefu inaouburuta nyuma yake, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwezi Oktoba 2011, ikiwa inarudi kutoka ghorofa ya juu ya jengo namba 2, waya ulinasa na mawasiliano yakakatika. Ikaachwa palepale, ghorofa ya tatu.

Hazikukosa warithi. Quince mbili zilizofuata zilitengenezwa zifanye kazi kwa pamoja, ili waya wa moja ukikatika, mwenzake awe kama mnara wa kupokea na kurusha mawasiliano. Mwaka 2015 roboti nyembamba yenye umbo la kubadilika iliingizwa kinu namba 1, ikaenda kama mita 10 hivi na kukwama, waya wake ukakatwa. Februari 2017, kinu namba 2, roboti ya kusafisha njia ilivutwa nje baada ya saa mbili kwa sababu kamera yake ilianza kufa kwa mionzi. Siku chache baadaye nyingine, iliyopewa jina la utani la nge, ikakwama kabla ya kufika ilipokusudiwa. Julai mwaka huohuo ndipo roboti ndogo ya kuogelea, ya urefu wa kama sentimita 30, ikafika chini ya kinu namba 3 na kurudisha picha za kitu kilichoonekana kuwa fueli iliyoganda.

Nimeziorodhesha kwa sababu watu wengi wakisikia neno roboti wanafikiria kitu kisichochoka wala kufa. Mionzi inaharibu kamera na vifaa vya elektroniki kama inavyoharibu mwili, inachotofautiana ni kasi tu. Kila roboti iliyokwama humo inakuwa kikwazo kwa itakayofuata, na mtu wa kuingia kuitoa hayupo.

Kosa la mabomba matano

Turudi sasa kwa wale watu wa mavazi meupe.

Kifaa kilichotoa ile punje kinafanana na ndoana ya kuvulia: ni fimbo inayorefuka hadi mita 22, mbele ina kamera na kishikio kidogo. Kukiendesha kunafanywa kwa mbali, wahusika wakitazama skrini. Lakini ili kifike kwenye tundu la ukuta wa kinu, ni lazima kisukumwe kwa mabomba yanayounganishwa moja baada ya jingine, na mabomba hayo yalisukumwa na watu kwa mikono. Watu hao walikuwa wamevaa barakoa za uso mzima na mavazi mazito, wakifanya kazi kwa zamu fupi kwa sababu ya mionzi ya mahali pale.

Jaribio la kwanza lilipangwa tarehe 22 Agosti 2024. Muda mfupi kabla ya kuanza, wafanyakazi wakagundua kwamba mabomba matano ya kusukumia yalikuwa yamepangwa kwa mpangilio usio sahihi. Kazi ikasimamishwa. Kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, inayomiliki kituo, ilipochunguza ikakiri jambo ambalo kwangu mimi ndiyo habari yenyewe: maandalizi yale yaliachiwa wakandarasi, na hapakuwa na mtu wa TEPCO aliyekwenda pale kuhakikisha.

Kazi ikaanza upya Septemba. Safari hii kamera za mbele ya kifaa zikaacha kuleta picha. Watu wakaingia tena, wakabadilisha kamera, na mwishoni mwa Oktoba kifaa kikarudi ndani na kushika ile punje.

Angalia mtiririko huo. Roboti ilipokwama, aliyeikwamua ni mtu. Na kilichokwamisha mara ya kwanza hakikuwa mashine wala mionzi, ilikuwa ni nani ampe nani maelezo, na nani ayakague. Kuna teknolojia ya mabilioni ya yen ndani ya jengo lile, ikasimamishwa na jambo ambalo fundi bomba yeyote wa mtaani analijua: hesabu vipande vyako kabla hujaanza kuunga.

Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2023, katika kituo hichohicho wafanyakazi walikuwa wanasafisha mabomba ya mtambo wa kuchuja maji yenye mionzi. Bomba la mpira likachomoka na maji yakawarukia. Wawili wakapelekwa hospitali. Hawakuwa wamevaa koti la kuzuia maji. Nao walikuwa wa makampuni ya chini, yaani mkandarasi wa mkandarasi. Hakuna roboti iliyotumwa kwenye kazi ile, maana ilihesabiwa kuwa ya kawaida.

Ndiyo maana ninaposoma tangazo kwamba kampuni fulani imenunua roboti za kukagua mitambo, sitazami sana idadi ya miguu ya roboti. Natafuta kujua kazi zilizobaki kwa binadamu ni zipi, na wanaozifanya wameajiriwa na nani.

Paa la Chernobyl

Hata hivyo nisieleweke kwamba naona roboti ni anasa. Aliyesoma habari za Chernobyl hawezi kusema hivyo.

Kinu cha Chernobyl, katika Ukraine ya wakati wa Umoja wa Kisovyeti, kililipuka Aprili 1986. Vipande vya grafati kutoka katikati ya kinu vilirushwa juu ya paa la jengo jirani. Ilibidi viondolewe kabla ya kulifunika jengo. Zikapelekwa roboti, nyingine za Kisovyeti na nyingine za kutoka Ujerumani Magharibi. Zikanasa kwenye lami na vifusi, au vifaa vyake vya umeme vikafa. Basi Septemba mwaka ule wakapandishwa askari, zaidi ya 3,000, wakiwa wamejifunga vipande vya risasi mwilini. Kila mmoja alipewa muda wa sekunde kadhaa hadi dakika mbili au tatu: kimbia, chota kwa sepetu, tupa chini, rudi. Waliitwa kwa mzaha wa huzuni "bioroboti", roboti za nyama.

Kwa hiyo ile fimbo ya mita 22, pamoja na ucheleweshaji wake wote, ni afadhali. Mfanyakazi wa nyuklia Japani ana kikomo cha milisiverti 100 kwa miaka mitano, na zisizidi 50 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2011, wakati wa dharura, kikomo hicho kilipandishwa kwa muda hadi 250. Kila mita ambayo roboti inatangulia badala ya mtu, ni mionzi ambayo haikuingia kwenye mwili wa baba au mtoto wa mtu.

Siyo nyuklia peke yake

Nje ya Fukushima roboti zimeanza kupata kazi za kila siku, nyingi zikiwa za kuchosha kuliko za kishujaa. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kampuni ya National Grid ina ukumbi wenye vifaa vya umeme mkubwa ambao mtu haruhusiwi kuingia umeme ukiwa unapita. Zamani kukagua kulisubiri umeme uzimwe. Sasa roboti ya miguu minne inaingia umeme ukiwaka, inapiga picha za kuonyesha joto, na fundi aliyekaa nje anaona kiungio gani kimeanza kuchemka. Bado atakayekaza nati ni fundi huyohuyo, siku umeme utakapozimwa.

Kampuni ya mafuta ya Ufaransa, Total, iliendesha shindano kuanzia 2013 hadi 2017 la kutafuta roboti itakayozunguka yenyewe kwenye majukwaa ya gesi na mafuta, kusoma geji, kusikiliza pampu na kunusa gesi inayovuja. Walioshinda ni timu ya Austria na Ujerumani. Nia ilikuwa kupunguza watu wanaolala juu ya mitambo inayoweza kulipuka.

Na hapo kwenye majukwaa ya baharini kuna kisa kingine cha kukumbuka. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, liliteketea na kuua watu 167. Mchana wa siku ile pampu moja ilikuwa imefunguliwa vali yake ya usalama kwa ajili ya matengenezo, na pale palipotolewa vali pakawekwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa vya kutosha. Karatasi inayosema vali imetolewa haikuwafikia waliopokea zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipozima, wakaiwasha ile. Gesi ikatoka.

Je, roboti ya kunusa gesi ingesaidia pale? Pengine ingepiga kengele dakika moja kabla. Lakini karatasi ingekuwa bado haijafika. Piper Alpha na yale mabomba matano ya Fukushima vimepishana miaka 36, na ugonjwa ni uleule: mahali pa hatari kabisa katika matengenezo ni pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ukiongeza roboti katikati umeongeza mkono mmoja zaidi wa kukabidhiana. Mwendeshaji yuko chumba cha mbali, mkandarasi yuko ukutani, mwenye mali yuko ofisini, na mashine inaripoti kwa mmoja wao tu.

Kwetu sisi

Kwetu Tanzania umeme mwingi sasa unatoka kwenye maji. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Chini ya bwawa lolote kuna milango na vichujio vinavyohitaji kukaguliwa, na anayepiga mbizi karibu na lango linalovuta maji anaweza kubanwa na nguvu ya maji asinasuke. Duniani kazi hiyo inazidi kupewa roboti za kuzama zinazoongozwa kwa waya kutoka juu. Hali kadhalika mabomba ya gesi yanayopita chini ya bahari, kama lile linaloleta gesi ya Songosongo bara tangu 2004: mabomba ya aina hiyo hukaguliwa ndani kwa kifaa kinachosukumwa na gesi yenyewe huku kikipima unene wa chuma. Hicho nacho ni roboti ya namna yake, ingawa hakina sura ya kupendeza kwenye picha.

Kwa vijana wanaotuandikia wakihofia kazi: ukweli ni kwamba kazi zinazopungua kwanza ni za kuzunguka na daftari kusoma geji. Zinazoongezeka ni za kuendesha, kutengeneza na kusafisha roboti zenyewe, na kuzitafsiri picha zake. Fundi aliyekaa na pampu miaka 20 anaisikia ikibadilika mlio. Picha ya joto haimwambii mtu ambaye hajawahi kuishika pampu kitu chochote. Makampuni yanayomwondoa fundi huyo mapema ili kulipia roboti, kwa maoni yangu, yanauza macho ili kununua miwani.

Majirani zetu Kenya wana mpango wa kujenga kinu cha nyuklia. Kwanza ulielekezwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, na wakazi, wengi wao wakiwa watu wa uvuvi, wakaandamana kuupinga mwaka 2024. Sasa macho yamehamia kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ziwa ambalo watu wa Mara, Mwanza na Kagera wanakunywa maji yake. Kwenye mikutano ya aina hii wataalamu huonyesha picha za mitambo ya kisasa, nami sina shaka kwamba vinu vya leo ni salama kuliko vya miaka ya 1970. Ila kuna maswali ambayo mwananchi asiye na shahada anaweza kuyauliza, na yanajibika kwa maneno ya kawaida. Kazi zipi zitafanywa na mashine na zipi na watu? Hao watu watakuwa waajiriwa wa kampuni yenyewe au vibarua wa mkandarasi? Nani atabeba daftari la mionzi waliyopokea, na atalitunza miaka mingapi baada ya mkataba kuisha?

Huko Japani, ratiba rasmi bado inataja mwaka 2051 kuwa mwisho wa kukibomoa kituo. Lakini Julai 2025 TEPCO ilitangaza kwamba kutoa mabaki kwa wingi, kuanzia kinu namba 3, hakutaanza kabla ya mwaka 2037, kwa sababu maandalizi peke yake yatachukua miaka 12 hadi 15. Mkono mkubwa wa roboti uliotengenezwa kwa ajili ya kinu namba 2 kwa ushirikiano wa Japani na Uingereza umecheleweshwa mara kadhaa, na ndiyo sababu ikatumika ile fimbo. Watakaosukuma mabomba mwaka 2037 wengine leo wako shule ya msingi.